Wasomaji Wauliza: Kutoka gerezani hadi chuo kikuu

Barua za safari hii zimetoka Makambako, Mafinga, Tukuyu, Iringa mjini na Mbeya, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: aliyewahi kufungwa anaingiaje chuo, na akishaingia anabakije hadi amalize. Majina tumeyaficha. Majibu yameandaliwa na watu wa udahili, wa ushauri wa wanafunzi na wa sheria. Mtaona kwamba hukumu yenyewe huzuia wachache. Wengi hukwama kwenye makaratasi, tarehe, na fedha za miezi miwili ya kwanza.

Kamwene. Mwanangu yuko Gereza la Ruanda, Mbeya. Alifungwa miaka mitatu na mwaka mmoja umepita. Kidato cha sita alimaliza miaka sita iliyopita, HKL, akapata C ya Historia, D ya Kiswahili na E ya Kiingereza, kisha akawa anauza vifaa vya simu. Anasema akitoka anataka chuo. Mimi nauza viazi barabarani, sijui nianzie wapi. — Mama T., Makambako

Kamwene mama, na pole. Tuanze na hesabu ya siku, maana huenda unamsubiri kwa tarehe isiyo yake. Mfungwa wa kawaida mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Miaka mitatu inakuwa miwili, kwa hiyo umebaki mmoja. Tarehe yake iko kwenye kumbukumbu za gereza. Siku ya kumtembelea muulize yeye au ofisa aliyepo, uiandike. Msamaha wa Rais, ambao mara nyingi hutangazwa 26 Aprili au 9 Desemba, usiuwekee mipango. Ukija, mtashukuru.

Matokeo yake yanamtosha. C ni pointi 3, D ni 2, E ni 1, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka masomo mawili ya tahasusi yenye jumla isiyopungua pointi 4. Historia na Kiswahili peke yake ni 5. Cheti hakichachi: vigezo vya udahili havimkatai mtu kwa sababu tu alimaliza zamani. Aangalie tu masharti ya programu husika, kwa sababu programu moja inaweza kutaka D ya Kiingereza na nyingine isitake.

Sasa makaratasi, na hapa, mama, ndipo utamsaidia kuliko mtu mwingine yeyote. Muulize kama alikichukua cheti halisi cha kidato cha sita. Wengi hubaki na hati ya matokeo tu, wakidhani ndiyo cheti, na cheti chenyewe kinakaa miaka kwenye kabati la mkuu wa shule. Shule hutaka mwenyewe aende asaini, lakini nenda ukaulize kama kipo. Kujua kipo wapi ni nusu ya kazi. Kama kilipotea, njia ni taarifa ya upotevu kutoka polisi, tangazo gazetini, kisha maombi Baraza la Mitihani. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, si ya siku tatu kabla ya dirisha la udahili kufungwa.

Cheti cha kuzaliwa kifuate: kiwe cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na jina liwe lilelile, herufi kwa herufi, na la cheti cha shule. Hapa tunaona matatizo mengi. Shuleni ni Tumaini Joseph, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Tumaini Yusufu, NIDA, wa vitambulisho vya taifa, wameandika Tumaini J. Mwakalinga. Mifumo ya mkopo na ya udahili haijui kwamba hao ni mtu mmoja. Kinachotengeneza ni hati ya kiapo cha majina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha kawaida cha kugongewa muhuri mahakamani mara nyingi hukataliwa, na watu hulipa mara mbili.

Namba ya NIDA ni lazima awe nayo. Bila hiyo hapati laini ya simu, hafungui akaunti benki, haombi mkopo. Walioingia gerezani kabla ya 20 Januari 2020, siku usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo, hutoka na laini iliyokwisha kufungwa, pamoja na namba waliyojazia fomu zote za zamani. Kama kitambulisho kilipotea, kingine hulipiwa 20,000. Barua ya serikali ya mtaa ndiyo inayosumbua: mwenyekiti husema "huyu simjui, hakai hapa." Mjulishe mwenyekiti mapema, wewe mama mwenye nyumba, kwamba kijana anarudi kwako.

Kuhusu mkopo tuseme ukweli. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo unataka mwombaji asizidi miaka 35 na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka 5. Kuwahi kufungwa hakumo kwenye vigezo, si vya kupewa wala vya kunyimwa. Ila mwanao akitoka atakuwa na miaka saba tangu amalize shule, na hapo ndipo atakapokwama. Ana njia mbili. Ya kwanza, ajilipie ada mwenyewe. Ya pili, asome stashahada ya miaka 2 kwanza. Ile miaka 5 itaanza kuhesabiwa upya kutoka stashahada, na akipata GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi ataomba shahada na mkopo pamoja. Kwa familia isiyo na ada mkononi sisi tungechagua ya pili, hata kama inaonekana ndefu. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, tunza namba ya kaya, Bodi huiangalia. Ada ya kuomba mkopo ni 30,000, na fomu inapita kwa serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, ikiwa na mdhamini mwenye kitambulisho.

Dirisha la kwanza la udahili kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, na masomo huanza Oktoba au Novemba. Akitoka Februari ana muda. Akitoka Septemba makaratasi yakiwa hayajaguswa, mwaka umekwenda.

Nilikaa Irambo nikiwa na miaka 15. Sasa nina 20 na nimechaguliwa chuo hapa Mbeya. Nimesoma mtandaoni kwamba vyuo vinauliza kama umewahi kufungwa. Nikisema hapana, nitakuwa nimedanganya? — G., Uyole

Hapana, hujadanganya. Irambo ni shule ya maadilisho, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kuhukumiwa kifungo gerezani. Hukufungwa. Ulichosoma mtandaoni ni habari ya Marekani, ambako fomu nyingi za vyuo zilikuwa na kisanduku cha kujibu kama mwombaji ana hatia ya jinai, na ambako Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kiliamua kukiondoa mwaka 2016. Vigezo vya TCU hapa kwetu vinahusu ufaulu. Nenda kajisajili.

Nilikuwa mwaka wa pili, Mbeya. Nikakamatwa, nikakaa mahabusu miezi minane, mwishoni shauri likaondolewa mahakamani. Nimerudi chuoni naambiwa jina langu halipo, nimehesabiwa mtoro. Nilikuwa na mkopo. — B., Iyunga

Kaka, mahabusu si mfungwa. Hukutiwa hatiani, na mtu asikuandike hivyo kwenye karatasi yoyote. Lakini uelewe karatasi uliyonayo. Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa shauri, maana yake hana nia ya kuendelea nalo kwa sasa, na sheria inamruhusu kulirudisha. Kuachiwa huru baada ya kusikilizwa na kuonekana huna hatia ni kitu kingine. Nenda masjala ya mahakama ukaombe nakala ya uamuzi iliyogongwa muhuri. Fotokopi ya fotokopi haifai.

Barua yako iende kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, kupitia mkuu wa idara na mkuu wa ndaki au shule, nakala kwa mshauri wa wanafunzi. Ukurasa mmoja. Andika namba ya usajili, programu, muhula uliokuwa ukisoma, tarehe ya kukamatwa, tarehe ya kuachiwa. Kisha ombi moja tu: kipindi hicho kihesabiwe kuwa ni kuahirisha masomo kwa sababu iliyokuwa nje ya uwezo wako, na urejeshwe kuanzia muhula ulioukosa. Ambatanisha uamuzi wa mahakama na matokeo yako ya mihula iliyotangulia.

Barua nyingi za namna hii hukwama kwa sababu tatu. Mwandishi hueleza kurasa nne za jinsi alivyoonewa na polisi, na msomaji haoni ombi liko wapi. Au anaileta wiki ya kufungua chuo, wakati Seneti inayoamua mambo haya hukaa mara chache kwa mwaka. Au anaomba "msamaha", kana kwamba kuna kosa alilokiri. Wewe huombi msamaha, unaomba kumbukumbu isahihishwe.

Na ipiganie hasa hiyo "kuahirisha", kwa sababu ya mkopo. Aliyeahirisha kwa idhini ya chuo huendelea na mkopo wake akirejea. Aliyehesabiwa kuwa ameacha masomo hutakiwa na mwongozo wa Bodi arejeshe kwanza asilimia 25 ya alichokopeshwa ndipo aombe tena. Kwa mtu aliyetoka mahabusu wiki iliyopita, hizo ni fedha zisizopatikana.

Kwa ndugu wa wanafunzi: kijana akikamatwa katikati ya muhula, mzazi au mwenzake apeleke barua chuoni wiki hiyohiyo, hata ya mistari mitano. Chuo kikijua, kuahirisha kunawezekana. Kisipojua, mfumo unamwandika mtoro wenyewe.

Nina miaka 41. Gerezani nilijifunza useremala na sasa nafanya kazi kwenye karakana ya mbao. Kidato cha nne nina D nne, moja ya Maarifa ya Biblia. Nataka shahada ya ujenzi. Wananiambia Chuo Kikuu Huria kinachukua mtu yeyote. — Fundi K., Mafinga

Shikamoo fundi. Tuanze na hilo la mwisho, kwa sababu limepoteza ada za watu. Huria haichukui mtu yeyote. Vigezo vya shahada pale ni vya TCU kama kwingine. Wanayo programu ya msingi ya mwaka mmoja kwa waliopungukiwa, lakini hiyo nayo inataka uwe umefika mahali fulani juu ya kidato cha nne, kama pointi 1.5 za kidato cha sita au stashahada ya GPA isiyopungua 2.0. Ipo pia njia ya kutambuliwa kwa ujuzi wa awali, yenye mtihani na jalada la ushahidi wa kazi zako. Kupasi kwake ni B+, na maswali ni ya mtu aliyezoea kuandika. Kwa fundi aliyeshika randa zaidi ya kalamu, tusingeanzia huko.

Tatizo lako la pili hujaliona bado: ile D ya Biblia haihesabiki. Astashahada, ngazi ya NTA 4, inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Wewe unayo matatu. Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea mwanzoni mwa mwaka kwenye kituo cha mtihani hapo Mafinga, ufanye mtihani wa Novemba kwa somo moja au mawili. Usijisajili masomo saba kwa hamasa. Kiswahili na Uraia vinatosha. Vyeti viwili vya miaka tofauti huunganishwa.

Njia nyingine ni ufundi wako wenyewe. VETA Iringa wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza nje ya darasa. Wanakutazama ukifanya kazi, wanakuuliza, wanakuelekeza pale ulipopungua, kisha unapata cheti cha ngazi unayostahili. Usishangae wakikupa daraja la chini kuliko mikono yako. Mara nyingi kinachopungua ni kusoma michoro na vipimo vya usalama, vitu ambavyo karakana ya gereza au ya mtaani haina sababu ya kukuandikisha. Panda hadi NVA, yaani cheti cha taifa cha ufundi stadi, daraja la III. TCU inalikubali hilo daraja kwa mtu mwenye ufaulu pungufu ya manne, mradi afuatishe stashahada yenye GPA ya 3.0.

Kutoka hapo hesabu ni hii: astashahada mwaka 1, stashahada miaka 2, shahada ya uhandisi miaka 4. Utamaliza karibu na 50. Mkopo wa Bodi huna, umepita 35. Kwa hiyo jiulize kama unachotaka ni shahada au ni kusaini michoro na kuomba zabuni. Stashahada ya ujenzi, ambayo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya nacho hutoa, inaweza kukufikisha pazuri kwa miaka mitatu. Ukiendelea, ni vizuri. Ukiishia hapo, si hasara.

Fedha: ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni ya vikundi vya biashara vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na haitoki kwa ajili ya ada. Dai risiti ya kila malipo, na lipia kwa kontroo namba tu. Anayekuambia umtumie fedha kwenye namba yake "akuwekee nafasi" ni tapeli. Watu waliokaa ndani miaka mingi ndio wanaolengwa, kwa sababu wakati wanaingia ada zililipwa dirishani benki kwa karatasi.

Nilifungwa miezi sita kwa wizi nikiwa mtumishi wa duka. Nimepata nafasi mbili: uuguzi na sheria. Nikisoma, nitaajiriwa kweli? — Dada N., Tukuyu

Tofautisha vitu vitatu: kusoma, leseni, na ajira. Kusoma hakuna anayekuzuia. Leseni hutolewa na baraza la taaluma, na mabaraza huangalia mwenendo. Muuguzi hupata leseni Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anayetaka uwakili, baada ya shahada hupita Shule ya Sheria kwa Vitendo, kisha hupeleka maombi kwa Jaji Mkuu, na hapo tabia yake huulizwa. Kosa la wizi litajadiliwa. Halifungi mlango moja kwa moja, lakini litajadiliwa, na aliyelificha hukosa zaidi kuliko aliyelieleza. Kabla hujalipa ada ya mwaka wa kwanza, andika barua kwa baraza husika, bila kujitetea sana: kosa, mwaka, adhabu, ulichofanya tangu hapo. Uliza kama kuna kizuizi. Jibu la maandishi, hata likichelewa, lina thamani kuliko maneno ya jamaa anayefanya kazi huko.

Ajira za polisi, magereza na majeshi ziondoe kabisa kwenye hesabu; matangazo yao husema wazi kwamba asiwe na kumbukumbu za uhalifu. Utumishi wa umma kwa ujumla ni mgumu zaidi kwa aliyewahi kufungwa. Sekta binafsi inategemea mwajiri na kosa. Mtu wa wizi akiomba uhasibu atasumbuka kuliko akiomba maabara. Na waliohukumiwa kwa makosa ya kujamiiana wasijidanganye na ualimu.

Kusoma sheria hakuzuiwi na kifungo. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Gereza la Kamiti, Kenya, wafungwa wamesoma sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani, wakawa wanaandikia wenzao rufaa. Lakini kama unachotaka ni kipato cha uhakika bila kumwomba mtu cheti cha tabia njema, tazama na njia ya tatu ambayo hukuitaja: Chuo cha Kilimo Uyole kiko karibu nawe, na Rungwe haijaishiwa parachichi, ndizi wala ng'ombe wa maziwa.

Wenzangu wa hosteli niwaambie? — P., Iringa

Huna deni hilo kwao. Mwambie mtu mmoja mwenye ofisi, yaani mshauri wa wanafunzi, hasa kama una masharti ya kuripoti au kesi nyingine inayoendelea, ili siku ukikosa mtihani kwa sababu ya wito wa mahakama asiwe anaisikia kwa mara ya kwanza. Mwalimu wa somo hahitaji kujua. Wenzako wakijua kwa njia nyingine na wakaanza kukutania mbele ya watu, nenda kwa mshauri huyohuyo, usimalizie uwanjani. Ugomvi mdogo wa mwanafunzi mwingine huitwa ugomvi, wako utaitwa tabia.

Ni mhadhiri hapa Iringa. Tuna wanafunzi wachache tunaojua wametoka gerezani, na labda wengine tusiowajua. Chuo hakina bajeti. Tufanye nini ambacho si semina? — Mhadhiri, Iringa

Asante kwa hilo neno la mwisho. Kuna mfano wa zamani unaofaa kuutazama. John Irwin alikaa miaka mitano gerezani California kwa ujambazi, akatoka, akasoma, akawa mwalimu wa sosholojia Chuo cha Jimbo cha San Francisco. Mwaka 1967 alianzisha pale Project Rebound, kazi yake ikiwa kuwavusha waliotoka magereza kuingia chuo na kuwakalisha. Leo mpango huo uko kwenye kampasi nyingi za mfumo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California. Mwaka 2013 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliowahi kufungwa walianzisha mpango wao, Underground Scholars. Mipango yote miwili inafanana kwa jambo moja: anayepokea mgeni ni mtu aliyepita njia hiyo. Mkianza, mtafuteni mmoja wa wanafunzi hao aliyeko mwaka wa tatu, aliye tayari, mmlipe hata posho ya vocha na nauli. Msimlazimishe kusimama mbele ya wageni kutoa ushuhuda.

Msianze na kuhesabu wanafunzi. Ukibandika tangazo la "wanafunzi waliotoka gerezani wajiandikishe", hatakuja mtu. Andika kwenye maelekezo ya kujiunga, yale anayotumiwa kila mwanafunzi mpya, sentensi moja: mwenye jambo la mahakama, parole (kumalizia kifungo nje kwa masharti) au kifungo kilichopita anaweza kumwona mtu fulani, chumba fulani, kwa siri. Jina, chumba na namba ya simu viwepo. Faili lao likae kwa mshauri wa wanafunzi, lisiingie kwenye mfumo wa matokeo ambao kila karani anaufungua.

Kinachowaangusha kiko wiki nane za mwanzo. Fedha za mkopo haziji siku ya kufungua. Mwanafunzi husajiliwa, jina huja, ndipo anasaini. Posho ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, na posho hiyo, ambayo wanafunzi huiita boom, huja kwa mafungu, kwa kawaida kama siku 60 kwa mara moja, yaani 600,000. Kabla haijafika, mtu huyu anatakiwa awe na kodi ya chumba, ambayo wenye nyumba wengi hutaka ya miezi mitatu mbele. Tukadirie 40,000 kwa mwezi, ni 120,000. Bima ya afya 50,400. Ada ya TCU ya uhakiki ubora 20,000. Godoro na blanketi, na Iringa blanketi si mapambo, 80,000. Chakula cha mama ntilie kwa mwezi, 5,000 kwa siku, 150,000. Jumla ni 420,400. Mwanafunzi wa kawaida hutumiwa na mjomba. Aliyetoka gerezani mara nyingi ndiye aliyewamalizia wajomba fedha kwenye kesi.

Kwa hiyo mfuko mdogo wa kukopesha unaojirudisha unafanya kazi kuliko semina kumi. Wahadhiri ishirini wakitoa 50,000 kila mmoja ni 1,000,000, inatosha wanafunzi wawili na chenji ya nauli. Wanarejesha boom ikitoka, kwa awamu mbili. Msichukue yote kwenye boom ya kwanza. Mtamwacha pale alipoanzia.

La pili ni kompyuta. Aliyekaa ndani miaka minane hajawahi kupakia kazi kwenye mfumo wa chuo, na ataona aibu kuuliza. Saa mbili kila Jumamosi kwa wiki sita, mwanafunzi mmoja na mwenzake mmoja: kufungua barua pepe, kuandika na kuhifadhi faili, kutoa kontroo namba, kusajili kozi, kupakia kazi, kuangalia matokeo. Wafundisheni na jinsi ya kunukuu chanzo. Wengi wao wana mwandiko mzuri na kumbukumbu kali, wamezoea kunakili madaftari neno kwa neno, na kazi yao ya kwanza hukamatwa kwa wizi wa kitaaluma. Kwa mtu ambaye tayari aliwahi kuitwa mwizi, barua hiyo inaweza kumfungisha virago.

Kuna na mambo madogo yasiyoonekana. Kumwita kwa jina la ukoo kwa sauti kali ukumbini, kumwambia asimame ajieleze, kupiga mlango wa chumba usiku kwa ukaguzi. Kwa wengine si kitu. Kwake yeye mwili unakumbuka. Mhadhiri hahitaji shahada ya saikolojia kuacha hayo.

Uongozi ukitaka ushahidi, utafiti wa taasisi ya RAND ya Marekani wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wafungwa waliopata elimu ndani walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 43 wa kurudia uhalifu. Utumieni kwa uangalifu: ni Marekani, ni elimu ya ndani ya gereza, na anayejitokeza kusoma huenda tayari alikuwa ameamua kubadilika. Bado ni hoja nzuri kuliko huruma.

Niko nje kwa parole, naripoti Songea. Nimechaguliwa chuo Mbeya, kinafunguliwa mwezi ujao. Naweza kuhama? — S., Songea

Usihame kwanza. Parole ina masharti, na kuondoka eneo lako bila ruhusa kunaweza kukurudisha gerezani kumalizia kifungo, barua ya chuo ikiwa mfukoni. Wiki hii peleka kwa ofisa anayekusimamia barua ya udahili, ratiba ya mwaka wa masomo, na anwani ya utakapokaa Mbeya pamoja na jina na simu ya mwenye nyumba au ndugu. Omba kwa maandishi uhamishiwe kuripoti Mbeya. Omba pia siku ya kuripoti isigongane na vipindi. Chuo kikikupa ratiba iliyogongwa muhuri, ofisa hana sababu ya kukataa Ijumaa mchana. Wakati huohuo mwandikie msajili wa chuo kwamba unaweza kuchelewa siku kadhaa kwa sababu ya kibali, uulize mwisho wa usajili ni tarehe ngapi. Kibali kisipofika ifikapo tarehe hiyo, omba kuahirisha mwaka kabla ya dirisha kufungwa, na barua yao ya kukubali itunze pamoja na hati yako ya parole.